Fomu ndefu inapoteza mistari ya mwisho: angalia mipangilio ya seva kabla ya kugusa msimbo

Mkuu, umeeleza kwamba fomu yako ya kusahihisha orodha ya bidhaa ina mistari 200, kila mstari visanduku nane. Ukibofya Hifadhi unaambiwa kila kitu kiko sawa, lakini ukiifungua tena orodha inaishia karibu na mstari wa 125. Umekagua hifadhidata, umeandika upya sehemu ya kuhifadhi, na bado hali ni ileile. Acha msimbo kwanza, upige hesabu: 125 mara nane ni 1000. Hapo ndipo penye tatizo.

PHP, lugha inayoendesha tovuti yako upande wa seva, ina kikomo cha idadi ya vigezo kiitwacho max_input_vars, na usipokigusa huwa ni 1000; kila kisanduku kinachotumwa ni kigezo kimoja. Kililetwa na toleo la 5.3.9, mapema mwaka 2012, baada ya kubainika kwamba mtu mwenye nia mbaya anaweza kuilemea seva kwa ombi moja tu lenye majina mengi ya vigezo yaliyochaguliwa makusudi yagongane. Kinga yenyewe ni ya maana na sikushauri uiondoe. Ubaya wake ni kwamba kikomo kikipitwa, ombi halikataliwi. PHP inachukua vigezo vya mwanzo, inatupa vilivyobaki, na programu yako inaendelea kana kwamba imepokea fomu nzima. Onyo lipo, ila kwa kawaida unalikuta kwenye logi ya makosa, yaani faili ambamo seva huandika hitilafu zake. Tafuta humo maneno Input variables exceeded 1000.

Niliwahi kuitwa kwenye mfumo wa stoo uliokuwa na ugonjwa huuhuu. Kilichowachanganya watu ni kwamba mahali pa kukatikia palikuwa panahama. Leo orodha inaishia hapa, kesho inasogea mbele kidogo. Sababu ilikuwa visanduku vya tiki: kivinjari hakitumi kabisa kisanduku ambacho hakijawekwa tiki. Siku yenye tiki chache, vigezo vinapungua na mistari mingi zaidi inapita. Siku yenye tiki nyingi, orodha inakatika mapema. Wakati huo makarani walikuwa wakilaumiwa kuwa hawamalizi kujaza, na hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe, maana walikuwa wakijaza kila kitu.

Tena mfumo ule ulikuwa unafuta mistari yote ya zamani kabla ya kuingiza iliyopokelewa. Bidhaa za mkiani hazikubaki hata na takwimu zake za awali, zilitoweka kabisa. Kama wako unafanya hivyo, chukua nakala ya hifadhidata sasa hivi, kabla hujabofya tena kile kitufe.

Ili usibahatishe, fungua zana za kivinjari kwa F12, nenda sehemu ya mtandao (Network), tuma fomu, kisha soma ombi lenyewe. Mwanzoni kabisa mwa faili linalopokea fomu, andika kwenye logi thamani ya $_SERVER['CONTENT_LENGTH'], ambayo ni ukubwa wa ombi, pamoja na yote yaliyomo ndani ya $_POST, mahali PHP inapoweka vigezo ilivyopokea. Ukiuona mstari wa 200 kwenye ombi la kivinjari na usiuone kwenye $_POST, data imepotelea kabla msimbo wako haujaanza kazi.

Kwa wengine wenye tatizo linalofanana na hili: tazameni data inapotea vipi. Ikikatika mkia, ni hili nililoeleza. Kama $_POST na $_FILES (mafaili yaliyotumwa) zote ni tupu huku CONTENT_LENGTH ni kubwa, shuku post_max_size, yaani kikomo cha ukubwa wa ombi zima, ambayo kwa kawaida ni 8M (megabaiti 8). Hutokea sana fomu ikibeba picha. nginx, programu ya seva ya tovuti, nayo ina kikomo cha aina hiyo, client_max_body_size, kwa kawaida 1m, ila yenyewe haijifichi: inarudisha kosa 413 (ombi kubwa mno). Na kama kwenye zana za kivinjari POST (ombi la kutuma data) inajibiwa 301 au 302 (namba za uhamisho) kisha inafuatwa na GET (ombi la kusoma tu), basi seva imekuhamishia anwani nyingine, mara nyingi kutoka http kwenda https au kuongeza www, na kivinjari kimeuacha mzigo njiani. Elekeza fomu kwenye anwani kamili ya mwisho. Kama uhamisho ni wa lazima, tumia 307 au 308, ambazo hazibadilishi POST.

Turudi kwako. Usihangaike na ini_set, amri ya kubadili mipangilio ndani ya msimbo, haitasaidia, kwa sababu data imeshasomwa kabla ya mstari wako wa kwanza. Weka max_input_vars = 3000 kwenye php.ini, faili kuu la mipangilio ya PHP, kisha washa upya PHP. Kama huna ruhusa ya kugusa php.ini na PHP yako inaendeshwa kwa FPM (huduma inayojitegemea nje ya programu ya seva), iweke kwenye faili la .user.ini ndani ya folda ya tovuti, usubiri dakika tano, maana faili hilo husomwa upya kila baada ya sekunde 300. Mstari wa php_value ndani ya .htaccess, faili la mipangilio la programu ya seva ya Apache, kwa kawaida unakubalika pale PHP inapoendeshwa kama moduli ya Apache. Kwingine unaweza kuishia kupata kosa 500. Hakiki kwa phpinfo(), amri inayoonyesha mipangilio ya PHP inayotumika, iliyofunguliwa kupitia kivinjari, si kwa amri ya terminali, kwani terminali mara nyingi husoma php.ini tofauti.

Lakini kuongeza namba pekee hakutoshi, maana orodha itakua. Mwisho kabisa wa fomu ongeza kisanduku kilichofichwa, kwa mfano chenye jina "mwisho" na thamani 1. Upande wa kupokea, kama kisanduku hicho hakijafika, kataa kuhifadhi na umweleze mtumiaji wazi kwamba fomu haikufika yote. Njia imara zaidi ni kukusanya jedwali zima kuwa JSON (muundo wa kuweka data yote katika maandishi mamoja) kwa JavaScript na kulituma kama kigezo kimoja. Hapo idadi ya mistari haihusiki tena na kikomo hiki, unabaki kuangalia post_max_size tu.

Jaribu, kisha weka hapa mstari wa onyo ulioukuta kwenye logi na thamani ya max_input_vars inayoonyeshwa na phpinfo(). Kama inasoma 3000 na orodha bado inaishia palepale, uliza wanaokuhifadhia tovuti kama wameweka Suhosin, kiongezo cha usalama cha matoleo ya zamani ya PHP, kwani ina kikomo chake cha suhosin.post.max_vars ambacho nacho hukata vilevile.