Kitabu cha wanyama cha mtoto, anza na picha

Dada uliyeuliza utajuaje kitabu kipya cha wanyama cha mtoto wa miaka sita kinafaa kabla hujatoa hela, mi naanzaga na picha, maneno baadae. Fungua ukurasa wa duma. Duma ana ile mistari miwili myeusi inashuka toka machoni mpaka mdomoni na madoa yake ni duara zimejaa weusi, chui hana hayo machozi na madoa yake yamejipanga kama maua, sasa kuna vitabu mchoraji kachora chui halafu chini imeandikwa duma 😅 na ukiona simbamarara anazurura Serengeti rudisha hapohapo, huyo ni wa Asia.

Halafu nenda kwa fisi. Hapa ndo utamjua mwandishi aliyesoma na aliyekariri ngano tu, maana wengi wanaandika fisi anasubiri mabaki ya simba wakati fisi madoa anawinda mwenyewe, tena sana, na pale Ngorongoro simba ndo anawanyang'anya fisi mara nyingi. Kitabu kikieleza hilo kwa lugha ya mtoto mi nanunua hata kama karatasi zake za kawaida. Flamingo je? Kasema ni wa pinki akaishia hapo, au kaeleza rangi inatokana na chakula anachokula ziwani?

Kiswahili chake soma ukurasa mmoja kwa sauti, ukijikwaa wewe mtoto ndo kabisa. Jalada chukua gumu, watavuta tu hao.