Je, tiba ya umakinifu inaweza kuchukua nafasi ya dawa za sonona?

SWALI: Daktari, nimeugua sonona mara tatu. Sasa nina nafuu na naendelea na dawa, lakini nimechoka kuzimeza. Je, naweza kuziacha nikafuata tiba ya umakinifu?

JIBU: Pole kwa uliyopitia. Tiba hiyo, inayomfundisha mtu kuyatazama mawazo yake kwa utulivu (kwa Kiingereza mindfulness), ilibuniwa na wanasaikolojia Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale kwa ajili ya watu wa hali yako hasa, yaani waliopata nafuu lakini ugonjwa huwarudia. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2000, kati ya walioumwa mara tatu au zaidi, ugonjwa uliwarudia takriban asilimia 40 ya waliopangiwa tiba hiyo, na asilimia 66 ya waliopata huduma ya kawaida peke yake. Walioumwa mara mbili tu hawakuonekana kunufaika.

Mtu aliyeugua mara kwa mara, huzuni ndogo humwamshia mawazo ya zamani, kwamba hafai kitu au kwamba yamemwanza tena, naye hujaribu kuyatatua kwa kuyawaza zaidi, na kule kuyawazawaza ndiko kunakomzamisha. Mafunzo ya tiba hii ya wiki nane, yenye kikao cha saa mbili hivi kila wiki na mazoezi ya kila siku nyumbani, humzoeza kuitambua hali hiyo ingali changa: hutuliza usikivu wake kwenye pumzi au mwili, na wazo likija huliona kuwa ni wazo tu, bila kulifuata wala kulifukuza. Nasisitiza hilo la kutolifukuza, kwa kuwa wapo wanaodhani wanafundishwa kutowaza chochote, wakakata tamaa mapema.

Kuhusu dawa, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2015, uliohusisha watu 424, ulilinganisha waliofuata tiba hii huku wakisaidiwa kupunguza dawa na walioendelea nazo. Katika miaka miwili ugonjwa uliwarudia asilimia 44 ya wale wa kwanza na asilimia 47 ya wale wa pili, tofauti ambayo haitoshi kusema njia moja imeishinda nyingine. Kwa hiyo ombi lako ni la haki kabisa, ila usiache dawa ghafla, maana unaweza kupata kizunguzungu, wasiwasi na kukosa usingizi, na ugonjwa wenyewe ukarudi. Anza mafunzo ungali na nafuu, chini ya mtaalamu anayeijua sonona, kisha daktari wako akupunguzie dozi hatua kwa hatua. Wakati wowote ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, usisubiri kikao kijacho; nenda hospitali siku hiyo hiyo.