Vidonge vya Bibi asiviache

Ndanda

Mwanangu,

Marahaba. Unasema Bibi mwenye nyumba wako hapo Lindi amepata kiharusi, upande wa kulia umepooza, na watu wa maombi wamemwambia aache vidonge vya presha ili imani yake ionekane. Unauliza: akiendelea kumeza, anamzuia Mungu?

Hamzuii. Vidonge vya presha haviinui mkono uliopooza. Kazi yake ni kuzuia kiharusi cha pili. Mungu akitaka kuuinua mkono ule leo, kidonge hakimnyang'anyi sifa hata chembe. Wengi huteleza hapa: mgonjwa anapimwa, mashine inasoma 120 kwa 80, vigelegele, amepona. Imeshuka kwa sababu anameza. Akiacha itapanda tena, na kwa kawaida presha haiumi ikamwonya.

Yesu hakukwepa vipimo. Wale kumi wenye ukoma wa Luka 17 aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, maana kwa Torati makuhani ndio waliokuwa wakaguzi wa ngozi. Kanisa letu Katoliki limeshika njia hiyo. Kule Lourdes, Ufaransa, palipoanza kuhijiwa baada ya Bikira Maria kutokea pale 1858, madai zaidi ya 7,000 ya kupona yamefikishwa kwa madaktari wa pale. Maaskofu wametangaza miujiza sabini na kitu tu. Wanauliza: ugonjwa ulikuwa mzito? Ulithibitishwa? Kupona kulikuwa kwa ghafla, kamili, kukadumu? Kwa kiharusi maswali hayo ni magumu, kwa sababu wagonjwa wengi hurudiwa na nguvu kiasi katika miezi mitatu ya mwanzo. Bibi akianza kukunja vidole mwezi ujao, mshukuruni Mungu sana, ila msikimbilie kipaza sauti.

Na asipopona, asiambiwe imani yake ni haba. Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, tena akamwambia Timotheo anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakuna aliyewasimanga.

Sasa soma tena Marko 1, yule mwenye ukoma. Yesu alimhurumia, akanyosha mkono, akamgusa, ndipo akasema "takasika". Mkono ulitangulia neno, tena kwa mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumgusa. Kwa hiyo wanaokuja kumwombea Bibi uwape kazi ya mikono.

Ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku pia. Andikeni zamu ukutani. Alazwe ubavu nusunusu, mto nyuma ya mgongo, si ubavu mzima uliobana nyonga. Mto mwingine chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vielee hewani. Pete ya mpira ya kukalia msiweke, inabana damu pembeni. Kagueni sehemu ya chini ya mgongo, nyonga na visigino kila siku. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia kiganja: pakiwa na joto kuliko pembeni, pagumu au peusi zaidi, kidonda kinaanza. Msipasugue. Mwondoeni mzigo hapo, mkamwite nesi.

Kulisha ndiko kunakoua kimyakimya. Akae wima kabisa, kijiko kidogo, subiri ameze ndipo upeleke kingine. Akikohoa au sauti ikawa ya majimaji, acha: uji unaelekea kwenye mapafu, na hiyo ni nimonia. Apelekwe akapimwe umezaji. Akimaliza, chungulia shavu la upande uliopooza, chakula hujificha humo, halafu abaki amekaa nusu saa. Kumwinua msimvute mkono ule wa kulia, bega litachomoka.

Kwa kuwa ni Mkatoliki, mwiteni padre ampe Mpako wa Wagonjwa. Bibi akiogopa kwamba ni "mpako wa mwisho", mweleze ni sakramenti ya mgonjwa, si ya maiti, na hali ikizidi kuwa mbaya anaweza kupakwa tena. Padre humpaka kwenye paji la uso na mikononi, akiomba Bwana amwokoe na kumwinua. Mafuta hubarikiwa na askofu kwenye Misa ya Krisma. Kwa dharura padre anaweza kuyabariki mwenyewe. Tangu 1972 si lazima yawe ya mzeituni, yoyote ya mmea yanafaa, hata ya ufuta wa Nachingwea. Hayauzwi. Anayekuletea chupa ya upako yenye bei, mrudishie chupa yake. Andaeni meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na pamba ya kufutia.

Mito miwili ya sufi nitaikabidhi kwa kondakta wa basi la asubuhi Jumamosi. Ifunike na nailoni kabla ya foronya, maana mkojo ukiingia kwenye sufi hautoki.

Mama yako