Shemeji anataka kuwapeleka wanangu kusaka mizimu pagaleni

SWALI: Shikamoo mama. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina watoto wawili, wa kike miaka 13 na wa kiume miaka 9. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ana miaka 23. Yeye na rafiki zake wawili wameingia kwenye mambo ya kusaka mizimu. Usiku wanaingia kwenye mapagale, wanarekodi kwa simu, kesho yake wanarusha TikTok. Wameagiza na kidude ambacho eti kinawaka taa mzimu ukikaribia. Wiki iliyopita alimchukua binti yangu bila kuniaga, wakaenda kwenye pagale moja lenye mbuyu. Tangu siku hiyo halali vizuri. Juzi alfajiri aliamka analia, anasema alikuwa anakiona chumba lakini hawezi kujitikisa, na kuna kitu kimemkalia kifuani. Mdogo wake naye sasa analilia kwenda. Baba yao anasema niwaache, watoto wapate ujasiri. Je, kuna umri wa mtoto kwenda huko? Na hicho kidude kinapima nini hasa? Mama Jose.

JIBU: Marahaba Mama Jose, na pole kwa kukesha. Wa miaka 9 haendi. Wa miaka 13 harudi tena usiku. Sasa nikueleze kwa nini, nikianza na binti maana yeye ndiye hajalala.

Kilichompata ni jinamizi. Jina hilo tunalo siku nyingi, tatizo ni kwamba tumezoea kulitaja bila kulieleza. Mtu akiwa kwenye usingizi wa ndoto, ubongo huilegeza misuli ya mwili ili asirushe mateke akiota anakimbia. Mara nyingine akili huwahi kuamka, misuli bado imefungwa. Hapo macho yanaona dari, mkono hauinuki, pumzi inakuwa fupi kwa sababu kifua nacho kimelegea, na ndoto haijaondoka yote chumbani. Akili ikikosa maelezo inajitengenezea: kuna mtu amenikalia. Hali hii hudumu sekunde chache, pengine dakika moja au mbili, kisha inaachia. Hupenda kumjia mtu aliyekosa usingizi, mwenye hofu, aliyelala chali. Binti yako alikesha pagaleni, akarudi na hofu, kwa hiyo amekusanya karibu vyote. Na asidhani ni utoto. Hofu ya Popobawa, zimwi linalosemwa huvamia watu usiku, ilipozikumba Pemba na Unguja mwaka 1995, watu wazima na familia zao walikuwa wanalala nje, na wengi walisimulia hivyo hivyo, kukandamizwa kitandani wasiweze kupiga kelele.

Mweleze kama nilivyokueleza, kwa sauti ya kawaida, mchana, mkiwa mnachambua mchele au mnafua. Usiku alale ubavu. Simu ilale chumbani kwako. Umri wake unahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, mdogo wake saa 9 hadi 12. Ikimrudia ajaribu kutikisa kidole kimoja tu cha mguu, wengi husema huko ndiko mwili unakoanzia kufunguka. Wiki mbili tatu zikipita bado anakesha, anakataa shule, au anasikia sauti mchana kweupe, mpeleke kliniki ya afya ya akili. Najua hapa mjini ukitaja Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, watu wanageuza shingo. Waache wageuze.

Kidude sasa. Kwa unavyokieleza, bila shaka ni kile kinachoitwa K2, chenye taa tano kuanzia kijani hadi nyekundu. Kinapima nguvu ya sumaku-umeme iliyo jirani, basi. Ni aina ya kifaa kinachofaa kuangalia kama waya au mashine inatoa nguvu hiyo kwa wingi. Kijana mmoja aliniletea cha kwake ofisini, tukakilaza mezani, taa moja tu ya kijani. Nikasogeza simu yangu, kimya. Nikamwambia anipigie. Kabla simu haijaita, taa zikapanda hadi nyekundu, zikashuka, zikapanda tena. Yule kijana alicheka, halafu akanyamaza muda mrefu, maana alikuwa na video kumi na kitu za taa hizo zikiwaka gizani, na katika kila moja kulikuwa na watu watatu wenye simu mfukoni.

Wana na ile programu ya kuongea na mizimu? Kama wanayo, nyingi hucheza vipande vya sauti vilivyorekodiwa au hurukaruka kwenye vituo vya redio. Ukisikiliza vipande vya maneno kwa dakika ishirini gizani utasikia jina lako. Zile duara nyeupe zinazoelea kwenye picha ni vumbi lililo karibu na kioo cha kamera likipigwa na mwanga wa flashi, na kwa vumbi la Dodoma la mwezi wa nane, mizimu hiyo haitawaishia.

Kuna sauti pia. Mwambie binti akae nawe uani saa moja jioni na kusikiliza bati la nyumba yenu. Limechomwa na jua kutwa nzima, jua likizama linapoa haraka na kusinyaa, linavuta misumari: tak, tak-tak. Kwenye pagale lililoezekwa nusu, ni hatua za mtu juu ya paa. Mbuyu nao, ukiwa na maua, huyafungua jioni. Ni makubwa, meupe, yananing'inia kwa vikonyo virefu, na popo huyafuata usiku kunywa utamu wake. Yakinyauka yanadondoka chini kwa kishindo. Mtoto aliyeambiwa kwamba mbuyuni pana wenyewe, akisikia mbawa juu na kitu kikimdondokea miguuni, sitamcheka akikimbia.

Ila akikimbia, anakimbilia wapi? Mapagale yetu yana mashimo ya choo yaliyochimbwa yakaachwa wazi, nondo zilizosimama, misumari, nyoka chini ya matofali, na mara nyingine watu waliojihifadhi humo wasiotaka kumulikwa tochi. Hapo anaumia mwenye umri wowote, hata shemeji.

Kuhusu umri. Mtoto wa miaka 9 anajua hadithi ni hadithi akiwa kwako jikoni. Gizani, kati ya watu wazima watatu wanaoonyesha wameogopa, hana pa kusimama. Yeye hupima hatari kwa kutazama uso wa mkubwa, na nyuso za hao wakubwa zinaigiza kwa ajili ya kamera. Kisha yanakuja maswali: umeona? Umekiona pale? Una uhakika hukukiona? Marekani, miaka ya 1990, Stephen Ceci na wenzake waliwauliza watoto wa shule ya awali, wiki baada ya wiki, juu ya mambo ambayo hayakuwahi kuwatokea, mfano kubanwa kidole na mtego wa panya. Baada ya kama wiki kumi, zaidi ya nusu walikuwa wanasimulia angalau tukio moja la uongo, kwa undani, kama kumbukumbu. Hawakuwa wanadanganya. Wako ni mkubwa kuliko hao, lakini saa sita ya usiku na usingizi machoni humrudisha mtu nyuma.

Hapo ndipo mimi hofu yangu ilipo, kuliko kwenye shimo la choo. Huko Uingereza, ambako watu wana vyama vya kuchunguza mizimu tangu mwaka 1862, msakaji anarudi na hadithi ya mwanamke aliyekufa zamani ngomeni. Kwetu msako haukai kwa wafu. Unatafuta nani kautuma. Niliwahi kukaa na mvulana wa darasa la nne aliyeambiwa na kaka zake aseme kile cheupe kilielekea wapi. Akanyoosha kidole. Kilikuwa kilekile alichonichorea baadaye kwenye karatasi, kanga kwenye kamba ya nguo, lakini upande alioonyesha kulikuwa na bibi anayeishi peke yake kwenye tembe, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini. Wiki ile mawe yalirushwa kwa bibi. Huyo mvulana aliletwa kwangu kwa sababu alikuwa ameacha kuongea. Mama Jose, tunajua vikongwe wangapi wa nchi hii wameuawa kwa wekundu wa macho. Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, na video ya TikTok nayo ni kutaja.

Baba yao mwambie hivi: wazee wetu hawakuisaka mizimu. Mizimu ni babu na bibi waliotangulia, mtu anaiendea na aliyemtangulia kwa umri, kwa adabu. Kule Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, watu bado wanatambika, na hakuna anayemmulika babu yake tochi usoni kama sungura. Kama ni ujasiri, awapeleke watoto Kolo mchana, na mlinzi wa eneo awaongoze.

Na shemeji usimfukuze, kijana huyo ana udadisi na kifaa. Jumamosi mwambie aje nacho kwako saa nne asubuhi. Jose aandike kwenye daftari: kwenye friji taa ngapi, kwenye redio ngapi, karibu na mita ya LUKU ngapi (asiiguse), mbuyuni mchana ngapi, simu zote zikiwa zimezimwa. Dada yake ndiye ashike kidude. Kisha wawashe simu moja, mtu apige, watazame. Wakimaliza niandikie walichopata, hasa pale kwenye friji.