Usikimbilie kufomati fulashi

Kazi yangu ni kuchapa na kutoa fotokopi hapa Nyawera, Bukavu. Msimu wa TFC, kazi ya kumalizia masomo chuoni, ukifika, fulashi za wanafunzi zinapita mikononi mwangu kutwa nzima, na nimeona kazi nyingi zikipotea kwa mkono wa mwenyewe, kwa haraka ya kufomati, yaani kuifanya fulashi iwe tupu upya.

Dada mmoja alikuja jioni, kesho yake anatetea. "Yaya, TFC yangu imekufa." Nikachomeka fulashi. Folda ipo, jina lake lipo, ila kwenye pembe ya chini kushoto kuna kamshale kadogo, na uzito wake kilobaiti 2. Kurasa sitini hazina uzito huo. Rafiki yake alishamwambia afomati. Nikamwambia, mdogo wangu, usiguse kitu.

Sisi huita vyote virusi, lakini tabia zao hazifanani. Huyu wa mshale ni mnyoo: hujinakili mwenyewe kutoka mashine hadi fulashi. Huficha folda zako na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale. Ukibofya, kwanza anajiwasha yeye, kisha anakufungulia folda yako, nawe hushuku chochote. Faili zote bado zimo. Nikasafisha mashine kwanza, maana fulashi ingeambukizwa tena papo hapo, kisha nikaandika kwenye dirisha la amri: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya fulashi). Folda ikatokea. Dada akakaa kwenye benchi, akalia.

Farasi wa Troya yeye hajinakili, unampokea mwenyewe. Megabaiti ni ghali, kwa hiyo tunapeana kwa fulashi programu zilizovunjwa (za kulipia, zilizofunguliwa bila leseni), na ndani yake mara nyingi kuna jasusi anayeandika kila herufi unayobonyeza, neno la siri likiwemo. Hapo hutaona mshale wala dalili. Mimi siweki tena programu ambayo sijui ilikotoka, hata mteja akinisihi.

Ninayemwogopa zaidi ni yule anayefunga faili kwa fumbo na kudai pesa. WannaCry, tarehe 12 Mei 2017, ilienea katika nchi zaidi ya 150, ikidai dola 300 za bitcoin kwa kila mashine. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu ililopitia, tangu Machi. Huku kwetu tunazima masasisho ili kuokoa kifurushi. Tafadhali, yawashe hata mara moja kwa mwezi. Huyo akiingia, attrib haisaidii kitu. Inasaidia nakala ya pili, kwenye fulashi unayoichomoa na kuiweka kabatini, kwa sababu ikibaki imechomekwa nayo itafungwa.

Na kama umeshafomati, usiandike kitu kingine juu ya fulashi hiyo, hata wimbo mmoja. Ipeleke kwa fundi jinsi ilivyo. Mara nyingi faili huwa bado zinaweza kuokolewa.