Usiiamini programu ya kuskani waifai, chomoa kwanza

Msilale kwa kuitegemea programu hiyo. Umeandika kwamba wewe na mkeo mnakuja Kisumu, mmekodi nyumba mtandaoni, na unataka kujua programu ipi ya simu hugundua kamera za siri. Mwenzetu hapo juu akakujibu upakue ya bure, uskani waifai, ikisema salama ulale. Jibu hilo ndilo linalowaponza watu, na linaniudhi kila ninapoliona.

Programu hizo huorodhesha tu vifaa vilivyo kwenye mtandao uleule ambao simu yako imeunganishwa. Kamera inayorekodi kwenye kadi ya kumbukumbu haihitaji mtandao wowote. Aliyeitega huja kuitoa kadi mkishaondoka. Hata ile iliyo hewani inaweza kuwa kwenye ruta nyingine yenye laini yake, au ruta imepangwa ili vifaa vya wageni visione vingine. Katika hali zote hizo simu itakuletea alama ya kijani, nanyi mtavua nguo mbele ya lenzi. Na ubaya mkubwa ni kwamba ukishaiona ile kijani, unaacha kutafuta.

Nanyi mnaouza vijidude vya kunasa mawimbi, waambieni watu ukweli. Kidude hicho hulia karibu na ruta, hulia karibu na simu ya mwenyewe, kisha hunyamaza mbele ya kamera ya kadi. Ule ushauri wa kuzima taa na kukagua chumba kwa kamera ya simu nao hukamata tu kamera zenye taa za infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, na nyingi hazina. Ukitaka kuujaribu, kwanza elekeza rimoti ya TV kwenye kamera ya mbele ya simu, ubonyeze. Usipoona mwanga, simu hiyo haitakusaidia. Kamera ya nyuma mara nyingi ina kichujio kinachozuia infraredi.

Kanuni ni moja: fuata umeme. Betri inayotoshea ndani ya kifaa kidogo huisha baada ya saa chache za kurekodi. Anayetaka kurekodi wageni siku nenda siku rudi lazima achomeke mahali.

Kwa hiyo mkifika, kabla ya kufungua mabegi, simama kitandani, kisha pale mtakapobadilishia nguo, kisha bafuni, uangalie ni vitu gani vinaelekea kwako na vinakula umeme. Saa ya mezani, spika, ekstensheni, dekoda isiyoungwa na TV, na hasa chaja iliyoachwa eti ya wageni. Soketi zetu zina swichi: zima, chomoa, tia kabatini ufunge mlango. Usione haya kwa kuwa ni mali ya watu. Kuchomoa saa si kuiharibu. Pambo lisilo na waya linalotazama kitanda nalo liingie humo humo, maana za betri zipo pia. Usizime umeme wa nyumba nzima, joto la Kisumu litawatesa. Acheni feni na chaja mliyokuja nayo.

Tazama balbu pia. Balbu nyingi zenye kamera ni za kuskrubu, E27, ilhali nyumba zetu nyingi zina holda za pini. Balbu iliyorefushwa kwa adapta juu ya kitanda izime, ipoe, uitoe.

Visivyochomoleka, kama kitambua moshi na matundu ya hewa, vikague kwa tochi. Funga mapazia, zima taa, shika tochi kando ya jicho lako, simama mita 1 au 2 na uisogeze polepole. Lenzi hurudisha nukta kali ya mwanga. Tundu lake laweza kuwa la milimita 1 au 2 tu, basi rudia kutoka pembe nyingine.

Mkiipata, msiivunje na msimpigie mwenye nyumba. Piga picha ya karibu, na ya mbali inayoonyesha ni chumba gani, ifunike kwa taulo, tokeni na mizigo yenu. Nenda polisi upate nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, kisha uripoti kwa tovuti mliyokodia nyumba. Kama ni Airbnb, kamera za ndani zimepigwa marufuku tangu 30 Aprili 2024, hata zilizotajwa kwenye tangazo, kwa hiyo mwenye nyumba hana pa kujifichia. Picha za faragha zikisambazwa, kuna kifungu cha 37 cha sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018: faini hadi shilingi 200,000, kifungo hadi miaka 2, au vyote viwili. Ila ukiichomoa kadi kwa mkono wako, atadai wewe ndiye uliyeitia. Waachie wapelelezi waitoe wenyewe.