Liandike Wazo Lingali Moto

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifurahisha. Unauliza mbona mawazo mazuri yanakujia ukiwa unaoga au unatembea, lakini ukikaa kuandika yanakukimbia. Tena unataka kujua wale wanaozama katika kuandika hadi wakasahau saa, wanafikaje huko.

Ukiwa unaoga, mikono ina kazi yake na akili imeachiwa nafasi ya kuzurura. Ndipo inapokutanisha mambo ambayo hukuwahi kuyaweka pamoja. Hilo ni jema. Baya ni kujiambia "nitalikumbuka." Hutalikumbuka, mwanangu. Kitakachobaki ni mada, na mada peke yake haiandikiki. Ukiandika "mama na mlango," wiki ijayo utayakodolea macho maneno hayo na hayatakwambia kitu. Andika hivi: "Mama amesimama mlangoni, ufunguo anao mkononi, hafungui, kwa sababu anamjua aliyemo ndani." Hapo umeshika kile hasa kilichokushtua. Usihangaikie neno zuri wala tahajia. Kama huna kalamu, jirekodi sauti.

Mshairi Mwingereza Samuel Taylor Coleridge alisimulia kwamba shairi refu lilimjia usingizini. Alipoamka akaanza kuliandika, mara akaja mgeni mwenye shughuli, akamshikilia zaidi ya saa nzima. Aliporudi mezani, karibu lote lilikuwa limeyeyuka. Lililochapishwa mwaka 1816 lina mistari 54 tu. Wapo wanaokitilia shaka kisa hicho. Mimi nakiamini, maana kila anayeandika amewahi kupokonywa hivyo.

Sasa huko kuzama. Mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi alihoji wachezaji wa sataranji, wapanda milima, wasanii na wengine wengi, akaona hali hiyo huja pale ugumu wa kazi unapolingana na uwezo wa mtu. Kazi ikiwa nyepesi mno, inachosha. Ikizidi uwezo, inatia hofu. Na lazima ujue unachotaka kufanya sasa hivi. Ndiyo maana ukikaa mezani na nia ya "kuandika riwaya" unaganda. Nia hiyo ni kubwa mno kwa asubuhi moja. Jiambie: leo namtoa yule kaka mkubwa wa hadithi yangu kituoni hadi kwenye mlango wa mama yake, basi. Ukikwama, soma aya ya mwisho kwa sauti. Sikio litakuonyesha ilipopinda.

Simu iwe chumba kingine, daftari liwe karibu. Mwanzo utakuwa mkavu, nao uvumilie. Wengi huinuka dakika chache tu kabla maneno hayajaanza kumiminika, na hilo linanisikitisha kuliko yote. Kusahihisha kuache hadi baadaye, kwa sababu anayeandika na anayekosoa hawakai kiti kimoja.

Na ukimaliza siku, usijikamue hadi tone la mwisho. Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alishauri mwandishi aache kuandika akiwa bado anajua kitakachofuata. Nami naona hakuna ushauri bora zaidi. Acha sentensi nusu ukitaka. Kesho utaanza kwa kuimalizia, na utakuwa umeshaingia kabla woga haujaamka.

Hadithi yako ya wale ndugu wawili nitumie kurasa za mwanzo hivyo hivyo zilivyo, na makosa yake. Nataka kujua kwa nini yule mkubwa hakuja mazikoni.

Akupendaye,
Mama yako